Okidi ya Confucius: kunukia hata pasipo mtu

NEEMA: Karibuni tena jamani. Leo tuko kwenye okidi na mzee wetu Confucius, yule mwanafalsafa wa China ya kale.

HAMISI: Mi okidi naijua ya hotelini tu, ile yenye maua makubwa pale mapokezi.

NEEMA: Hiyo nyingine kabisa. Wanayoienzi Wachina ina majani membamba marefu, ua dogo la kijanikijani, unaweza ukalipita usilione, ila harufu yake sasa! Wataalamu wengi wanasema enzi za Confucius mwenyewe jina la okidi kwa Kichina lilikuwa la mmea mwingine wa kunukia, okidi ikaja kulirithi baadaye, lakini maana ni ileile, muungwana wao, junzi, anafananishwa na harufu, sio sura.

HAMISI: Na ilianzia wapi?

NEEMA: Kuna kitabu cha maneno yake, Kongzi Jiayu, humo yuko njiani kati ya nchi ya Chen na Cai na wanafunzi wake, wamezuiwa, siku 7 hakuna chakula, watu wanaumwa. Zilu, yule asiyeficha la moyoni, anamjia kanuna, mwalimu we si umetenda mema siku zote, mbona tunateseka hivi? Ndo anajibiwa okidi huota msitu mnene na haiachi kunukia eti kwa sababu hakuna mtu.

HAMISI: Duh, unamwambia hivyo mtu mwenye njaa!

NEEMA: Na yeye ana njaa vilevile, uzito uko hapo. Angeyasema ikulu kashiba mi nisingemsikiliza.

HAMISI: Mi inayonigusa zaidi ni ile ya qin, kinanda cha nyuzi cha Wachina. Anarudi kwao Lu, miaka mingi kazunguka kwa watawala hakuna aliyempa nafasi ya maana, bondeni anaona okidi katikati ya magugu, anasimamisha gari la farasi, anashusha pumzi, anasema ua hili lilifaa kunukia mbele ya mfalme, leo linaishi na majani ya hovyo. Anachukua kinanda anapiga. Sasa huyu si ndo aliyesema haijalishi kama kuna mtu? Hapa anaumia waziwazi kabisa.

NEEMA: Anaumia ndiyo, na mi kwa hilo nampenda zaidi, maana pamoja na maumivu yote hakugeuza msimamo ili apate cheo.

HAMISI: Halafu kuna mchoraji Zheng Sixiao. Utawala wa Song huko China ulipomalizwa na Wamongolia mwaka 1279, akawa anachora okidi bila udongo, zinaelea tu. Inasimuliwa alipoulizwa alijibu udongo umeshaibiwa.

NEEMA: Yaani kagoma kwa ua!

HAMISI: Ule mchoro wa 1306 upo makumbusho ya sanaa ya jiji la Osaka, Japani. Wino mweusi, majani machache. Utafuteni mtandaoni muangalie chini ya shina, hajachora hata mstari mmoja wa ardhi, na Song ilikuwa imeanguka miaka 27 nyuma.