Pikapu yangu mpya ya haibridi na giaboksi inayogonga: nimefika wapi mpaka leo

Habari zenu ndugu zangu, mlioko Mwanza, Dar, Tanga, Mombasa, na nyie wa Muscat mnaonitazama usiku baada ya kazi, poleni na majukumu. Leo naongea nikiwa ndani ya pikapu yenyewe, nimepaki nje ya duka la rangi hapa Houston, jua la huku mwezi wa nane si la kawaida kwa hiyo AC siizimi, mkisikia feni mnivumilie.

Wengi mmeniuliza mbona wiki mbili hizi nakwenda kazini na gari la kukodi wakati pikapu mpya mliiona. Sasa leo naeleza yote, ila kampuni iliyoitengeneza siitaji wala dileri aliyeniuzia simtaji, maana shauri bado linaendelea na nataka liishe vizuri.

Pikapu niliichukua mwaka jana mwezi wa kumi na moja ikiwa na maili 11, zile za kushushwa kwenye lori tu. Mimi kazi yangu kupaka rangi nyumba za watu, navuta treila yenye ngazi na mashine, na hii haibridi niliipendea zile soketi za umeme kule nyuma, mashine ya kupulizia rangi inachomekwa palepale, jenereta nikaliacha nyumbani. Kwa hilo gari ni nzuri kweli, siwezi kuisema vibaya.

Shida ilianza kama maili 2,900. Unakaribia taa, unapunguza mwendo, ghafla taa inakuwa kijani kabla hujasimama, unakanyaga tena, gari inakaa kimya kidogo halafu inagonga, yaani kama mtu kakupiga kwa nyuma na bampa. Ikipata joto ndiyo mbaya zaidi. Ukiweka rivasi ukiwa na treila unahesabu moja, mbili, ndo inashika, na inashika kwa kuruka. Kuna siku nakatiza barabara kubwa, mke wangu yuko pembeni na mtoto nyuma, gari ikagoma kabisa kushika gia katikati ya makutano, injini inalia tu, lori linakuja upande wa mke wangu linapiga honi. Ilishika baadaye. Ile siku mikono ilinitetemeka mpaka nyumbani.

Ngoja niwaeleze ndani kukoje, maana huko nyumbani haibridi mnazozijua ni zile ndogo za Kijapani, zilianza kuuzwa Japani 1997, na zile ndani hamna gia za kupanda na kushuka kama tulivyozoea, kuna mota mbili za umeme na seti ya gia inayozunguka pamoja muda wote, ndo maana ni laini vile na hazisumbui sana. Hizi pikapu kubwa za huku ni kitu kingine. Wamechukua giaboksi ya otomatiki ya kawaida, hii yangu ina gia 10, wakapachika mota ya umeme katikati ya injini na giaboksi, wakaweka na klachi ya kuitenga injini mota ikiwa inavuta peke yake. Kwa hiyo ukisimama injini inazima, ukiachia breki mota inavuta, ukiongeza mafuta injini inaamka na inatakiwa ijiunge huku gia zinabadilika, na anayepanga hayo yote ni kompyuta, inapima presha ya oili inayokwenda kwenye kila klachi. Presha ikichelewa kidogo tu, au kompyuta ikikosea hesabu, unausikia mshtuko mgongoni.

Mara ya kwanza kwa dileri wakaniambia hizi ndivyo zilivyo, giaboksi inajifunza uendeshaji wako, endesha tu itakaa sawa. Na ni kweli huwa inajifunza, hilo hawakunidanganya, lakini karatasi walionipa imeandikwa tatizo halikujirudia walipoijaribu. Mara ya pili wakabadilisha softiwea. Mara ya tatu softiwea tena na kuifundisha upya. Mara ya nne wakafungua, wakabadilisha valvu bodi, ile inayogawa oili ndani ya giaboksi, gari ikalala kwao siku 19. Nikaichukua, maili kama 300 tu mbele, ile ile.

Hapa ndipo nataka mnisikilize kwa makini, hasa mlioko huku Marekani na mmenunua gari mpya. Karatasi. Kila ukipeleka gari usitoke bila karatasi ya kazi, hata kama hawajagusa chochote, hata kama imeandikwa hawakuona kitu, maana ile ndiyo ushahidi kwamba ulifika. Mara ya kwanza yule wa mapokezi aliandika "mteja anasema gari inasumbua", nikamwambia hapana dada, naomba uandike giaboksi inachelewa kushika gia na inagonga ikiwa ya moto. Na maneno hayohayo nimeyarudia kila safari. Ukisema leo kelele, kesho mtetemo, keshokutwa gari nzito, atakayesoma ataona ni matatizo matatu na kila moja umelileta mara moja.

Kitu kingine, omba fundi mwenyewe mpande naye gari ikiwa imeshapata joto. Mara ya nne nilikataa kukabidhi funguo mpaka fundi aje, akaja kijana mmoja mpole sana, akachomeka kompyuta yake, tukazunguka. Taa ya kwanza kimya. Taa ya pili ikagonga, akashika dashibodi kwa mkono wa kushoto, akaangalia namba kwenye skrini, akaniambia polepole, nimeiona. Nilitaka kulia, kusema kweli, miezi yote ile nilikuwa naambiwa nasikia vitu.

Sasa sheria. Hapa Texas kama gari mpya imerudi mara 4 kwa tatizo lilelile ndani ya miezi 24 au maili 24,000, kile kinachotangulia, na bado haijapona, unaweza kupeleka malalamiko idara ya magari ya jimbo, ada dola 35, wanaweza kuamuru kampuni iinunue tena gari kutoka kwako au ikupe nyingine. Kwa hatari kubwa ya usalama ni mara 2. Kuna na hesabu ya siku 30 gari ikiwa gereji, ila zile ulizopewa gari ya kutumia inayolingana na yako hazihesabiwi. Kabla ya hapo lazima uiandikie kampuni barua na uwape nafasi ya kutengeneza. Kila jimbo lina yake, usichukue ya Texas ukaitumia Ohio. Na nimeripoti pia NHTSA, wale wa usalama barabarani wa serikali kuu, ni bure, palepale unaingiza chesisi namba, zile herufi na tarakimu 17, unaona kama gari yako ni kati ya zile kampuni imeziita zirudi zitengenezwe kasoro.

Na nyie mlioko nyumbani mnaonitumia picha za pikapu za minadani huku, kaka niangalizie hii bei nzuri. Ndugu zangu, gari iliyorudishwa kiwandani kwa kesi kama yangu inaweza kuuzwa tena, huku mnunuzi anatakiwa aambiwe, lakini ikishapanda meli nani atakuambia wewe? Nitumie chesisi namba kwanza nitafute historia, usilipe hata shilingi. Wa Kenya nyie usukani wa kushoto hamsajiliwi, kwa hiyo hata msihangaike.

Mimi barua nimepeleka kwa rejista wiki iliyopita, wamejibu, wanatuma injinia wao kesho saa moja asubuhi. Malalamiko nimeshajaza, dola 35 nimelipa. Hebu ngoja nigeuze kamera muone hapa, maili 17,412. Nimepiga na picha. Hiyo namba ndiyo ya kuandikwa kesho kwenye karatasi ya tano.