Shamba la Anathothi

Bwana Yesu asifiwe! Wapendwa, nimeombwa niseme juu ya kuutumaini uaminifu wa Mungu katika maisha ya kila siku. Wengi mlitegemea tufungue Maombolezo, pale panaposema rehema zake ni mpya kila asubuhi. Lakini naomba tufungue Yeremia 32, kwa sababu ni sura ya mtu anayenunua shamba, na humu ndani wengi tumeshanunua au tunahangaika kununua.

Hali ilikuwa hivi. Ni mwaka wa kumi wa mfalme Sedekia, jeshi la Babeli limeuzingira Yerusalemu, na nabii Yeremia amefungiwa katika uwanja wa walinzi kwa kosa la kutangaza kwamba mji utatekwa. Hapo anafika binamu yake Hanameli: ninunulie shamba langu la Anathothi. Kwa sheria ya Walawi 25, ndugu wa karibu ndiye mwenye kuikomboa ardhi ya ukoo isipotelee mbali. Sawa, lakini Anathothi iko kilomita chache tu kutoka Yerusalemu, nje ya kuta, mahali ambapo adui ndiye anayetamba. Tena ni watu wa Anathothi hao hao ambao, katika sura ya 11, walitaka kumwua.

Yeremia akanunua. Angalieni alivyonunua: alipima fedha kwenye mizani, shekeli 17, kama gramu 200 hivi. Akaandika hati, akaitia muhuri, akaita mashahidi. Nakala zilikuwa mbili, moja imefungwa na nyingine iko wazi. Ya wazi mtu aweze kuisoma, ya kufungwa isiweze kuchezewa. Akamkabidhi Baruku, mwandishi wake, mbele ya watu wote waliokuwapo, ziwekwe katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Mwaka 1982, wanaakiolojia waliochimba Yerusalemu walikuta mihuri ya udongo zaidi ya 50 iliyofungia nyaraka za zama hizo, na mmoja una jina la Gemaria mwana wa Shafani, jina tunalolisoma katika Yeremia 36. Nyaraka zenyewe ziliteketea mji ulipochomwa, ila moto ule ule uliuoka udongo, ukabaki hadi leo.

Nimekaa hapa makusudi. Kuna mtu ananunua kiwanja bila shahidi, bila kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, anasema Mungu atalinda. Nabii aliyeisikia sauti ya Mungu mwenyewe alipima fedha na kuandikiana. Kumtumaini Mungu kulimfanya awe makini zaidi na karatasi.

Hati ilipokwisha kukabidhiwa, ndipo akaomba. Anaanza na sifa, hakuna lililo gumu kwako, halafu anafika mahali anashangaa waziwazi: Bwana, mji umekwisha kutiwa mikononi mwa Wakaldayo, yaani Wababeli, nawe unaniambia nijinunulie shamba! Wapo wanaofundisha kwamba kuuliza ni kukosa imani. Mimi sikubaliani nao. Yeremia alitii, akauliza, na Mungu akamjibu bila kumfukuza: mashamba yatanunuliwa tena katika nchi hii. Mama unayemnywesha mtoto dawa kwa saa zake, usiku ukimwuliza Mungu mbona hapati nafuu, hujapungukiwa imani hata kidogo.

Katika sura ya 28 yupo nabii mwingine, Hanania. Yeye aliahidi kwamba katika miaka miwili tu mateka na mali zote watarudi kutoka Babeli. Yeremia alisema 70, na katika sura ya 29 akawaandikia waliochukuliwa Babeli wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao. Hanania bado anahubiri mijini kwetu: toa leo, wiki hii utapokea. Nalisema hili kwa uchungu. Watu wameuza hadi vyombo vya ndani, na wasipopokea wanamdai Mungu ahadi ambayo hakuitoa.

Sasa nije penye ugumu. Yeremia hakulifaidi shamba lile. Mwaka uliofuata mji ulianguka, na sura ya 43 inaeleza alivyochukuliwa hadi Misri. Biblia haisemi kama alirudi. Wazazi mnaolipa ada kwa kibarua, mkisomesha watoto ambao pengine hamtakula mshahara wao, nawaomba msiione kazi yenu kuwa bure. Mungu alilitunza neno lake kupita umri wa mtu aliyeambiwa, na Yeremia alilipa bei kamili akiwa kifungoni, kwa ajili ya watu ambao bado hawajazaliwa.

Mwaka 538 KK hivi, Koreshi mfalme wa Uajemi akaruhusu mateka warudi. Ezra 2 imewaorodhesha ukoo kwa ukoo na kijiji kwa kijiji. Mstari wa 23 unasema: watu wa Anathothi, 128. Someni mstari huo na mwenzako uliyekaa naye benchi moja, kisha tupokee maswali.