Uso Unaowaka: Mazungumzo na Mfamasia Kuhusu Rosasea

Asanteni kwa kufika, najua foleni ya Morogoro Road haikuwa na huruma leo. Mimi ni mfamasia, kwa hiyo nitasema zaidi kuhusu tyubu za krimu kuliko kuhusu ugonjwa wenyewe: rosasea, ugonjwa wa ngozi ya uso usioisha haraka, unaoleta wekundu, kuwaka na vipele.

Picha nyingi za rosasea ni za Wazungu walioiva mashavu. Kwetu wekundu huo hufichwa na rangi ya ngozi. Ukiungoja wekundu, hutautambua ugonjwa. Angalia mengine: uso unawaka ukitoka juani au ukimaliza supu ya moto, unachoma hata kwa sabuni uliyoizoea, vipele vinakaa mashavuni na puani bila zile ncha nyeusi za chunusi. Macho yakiwa mekundu na kukereketa kama yameingia mchanga, wahi kwa daktari wa macho.

Sasa tyubu. Mtu anafika dukani, "nipe ya chunusi," anapewa krimu ya betamethasoni au klobetasoli, ambazo ni steroidi, dawa za kutuliza uvimbe na mwasho wa ngozi. Siku za mwanzo uso unatulia, muuzaji anasifiwa mtaa mzima. Akiacha, uso unalipuka; anairudia. Steroidi hiyo hupunguza unene wa ngozi, hutanua mishipa midogo, na yaweza kumletea vipele vya namna ya rosasea hata asiyekuwa navyo. Mkorogo nao huweza kuwa na steroidi ambayo kopo halikuitaja. Mimi naiogopa steroidi kuliko pilipili na chai mnazokatazwa kila siku kwa kuamsha rosasea. Uliyeipaka kwa miezi, mwone daktari wa ngozi akusimamie kuiacha.

Za kutibu ni metronidazo ya kupaka ya asilimia 0.75 (ndiyo, ni ileile Flagyl mnayomeza tumbo likivuruga, ila msisage vidonge mkajipaka!), ivermektini ya asilimia 1, na asidi ya azelaiki ya asilimia 15. Hii ya mwisho naipendelea kwa ngozi zetu, maana hupunguza na madoa meusi yanayobaki, ingawa huchonyota mwanzoni. Zipeni wiki 8 hadi 12 kabla ya kulalamika.

Skrabu, ndimu na dawa ya meno, hapana. Maji ya uvuguvugu, losheni isiyo na manukato, na kinga ya jua ya SPF 30 au zaidi yenye zinki. Ikikuacha mweupe usoni, tafuta iliyotiwa rangi ya kahawia.

Mliokuja na tyubu mkobani, zileteni hapa mezani tusome maandishi.