Bluu ya Kipepeo Ukiisaga Inapotea

Hebu niwaulize kabla sijaanza, nani hapa hajawahi kumshika kipepeo akabaki na vumbi vidoleni? Sasa lile sio vumbi jamani, ni magamba, kila chembe ni gamba moja bapa, urefu wake kama sehemu moja ya kumi ya milimita, na yamepangwa kwenye bawa yakilaliana kama vigae vya paa. Ukiyafuta yote bawa linabaki kama nailoni tu.

Huyu kwenye picha anaitwa Morpho, kwao ni misitu ya Amerika ya Kati na Kusini. Mnavyomuona amewaka hivyo mtasema kapakwa rangi, hapana. Lisage bawa lake mpaka liwe unga laini, bluu yote inapotea unabaki na unga wa kahawia. Bluu yake iko kwenye umbo, ukivunja umbo na bluu umeivunja.

Umbo lenyewe sasa, hapa nakaa kidogo maana ndo penye utamu. Juu ya kila gamba kuna matuta yamenyooka sambamba kama shamba lililolimwa vizuri, na ukilikata tuta moja ukalitazama kwa ubavu kwenye hadubini ya elektroni (wanasayansi Anderson na Richards walishayatazama magamba haya kwa hadubini hiyo 1942) unaona kama mti, una matawi kushoto na kulia, tawi hewa tawi hewa, ngazi kwa ngazi mpaka juu. Matawi ni ya kitini, ileile iliyoko kwenye ganda la mende. Mwanga ukishuka kila ngazi inarudisha kidogo, mawimbi ya bluu, yale ya nanomita 450 mpaka 480 hivi, yanarudi yakiwa yamepatana hatua, yanatiana nguvu, ila mekundu yanarudi yanapishana kwa hiyo yanadhoofishana. Hata rangi za povu la sabuni zinatokea kwa namna hiyohiyo.

Sasa angalieni, nadondosha tone moja tu la spiriti hapa kwenye bawa… mnaona? Kijani! Spiriti imeingia pale palipokuwa na hewa, na ndani ya spiriti mwanga unaenda polepole kuliko hewani, kwa hiyo mawimbi yanayopatana sasa ni yale marefu zaidi, ya kijani. Subirini ikauke... haya, bluu hiyooo imerudi. Nimeshalifanya hili mara nyingi sana na bado kila mara moyo unanidunda.

Kitu watu wanasahau ni weusi. Chini ya matuta kuna melanini, yaani rangi nyeusi ya asili, inameza mwanga wote uliopenya, isingekuwepo mwanga huo ungerudi juu ukachanganyika na bluu ikapauka. Na upande wa chini wa bawa ni kahawia tupu na madoa kama macho, ndo maana akiruka msituni unaona bluu, hayupo, bluu, hayupo.