Nahau za Kiingereza Zilizozaliwa Merikebuni

Walimu wangu, shikamooni. Wanafunzi, hamjambo. Sitawasomea orodha ya nahau za Kiingereza. Orodha mnazo, na mnazikariri usiku wa kuamkia mtihani. Leo tuchukue fungu moja tu, lile lililozaliwa baharini enzi Waingereza wakisafiri kwa matanga.

Tuanze na "three sheets to the wind". Mtu akisemwa hivyo, kalewa chakari. Mwanafunzi akifungua kamusi anakuta "sheet" ni shuka, basi anatafuta shuka tatu zinazopepea. Atazitafuta sana! Kwa baharia, "sheet" ni kamba: ile inayofungwa pembe ya chini ya tanga ili likamate upepo. Manahodha wetu wa majahazi huiita demani. Sasa demani ikifyatuka, tanga linapigapiga hewani, halivuti kitu. Zikifyatuka tatu, chombo hakishiki njia tena, kinapepesuka kama jamaa anayetoka kilabuni akipapasa ukuta. Nasi tunasema jambo limekwenda mrama, na mrama ni kule kuyumba kwa chombo. Ila sisi tumeupeleka kwenye mambo yaliyoharibika, wao wakampelekea mlevi.

"Taken aback" ni kupigwa na butwaa. Matanga ya merikebu zao kubwa yalikingama mlingoti. Upepo ukigeuka ghafla, au mshika usukani akizembea, ulilipiga tanga kwa mbele na kulibana kwenye mlingoti. Merikebu ilikwama palepale, pengine ikaanza kurudi kinyumenyume, na mlingoti ungeweza kukatika. Kwa hiyo mkimwona mtu kakatwa kauli katikati ya sentensi, hapo nahau hii imefika mahali pake.

"By and large", yaani kwa jumla, nayo ni ya huko huko. "By" ni kwenda joshi, yaani kuelekea karibu na kule unakotoka upepo. "Large" ni kwenda upepo ukitoka upande wa tezi, yaani nyuma ya chombo. Chombo kilichofaa kwa hali zote mbili kilisifiwa hivyo.

Ipo pia "turn a blind eye", kufumbia macho. Hii husimuliwa pamoja na kisa cha Nelson, kamanda wa jeshi la majini la Uingereza, aliyepoteza uwezo wa kuona kwa jicho la kulia vitani Corsica mwaka 1794. Mwaka 1801, katika vita vya Copenhagen, mkubwa wake, Hyde Parker, alipandisha bendera za kuamuru mapigano yasitishwe. Inasemekana Nelson aliweka darubini kwenye jicho lile bovu, akasema haoni ishara yoyote, akaendelea kupigana. Akashinda, na ushindi ukamsitiri.

Lakini msimeze kila hadithi ya asili ya nahau. Ile ya "raining cats and dogs", kwamba paka na mbwa walilala kwenye mapaa ya nyasi na mvua ikawaporomosha, inasambazwa sana mitandaoni na haina ushahidi wowote. Mkiulizwa kwenye mtihani, andikeni tu: mvua kubwa.

Haya, maswali.