Mkono hewani, zamu moja

Kila nikisimama kuongelea gemu za bodi lazima mtu aniulize nzuri ni ipi, na jibu langu ni lilelile, ile inayokuacha mkono hewani umeshika kete, unataka sehemu mbili na zamu ni moja.

Chukueni Hex, aliyoibuni Piet Hein wa Denmark 1942, halafu John Nash, mwanahisabati wa Marekani, naye akaibuni kivyake miaka michache baadaye. Vyumba vya pembe sita, mara nyingi 11 kwa 11, wewe unaunganisha juu na chini kwa kete zako, mimi kulia na kushoto kwa zangu, anayewahi ndo mshindi, kete ikishawekwa haisogei wala hailiwi. Basi, sheria zimeisha! Sasa angalieni hapa, naweka kete, naruka kidogo naweka nyingine, katikati yao vimebaki vyumba viwili vitupu vinavyogusa kete zote mbili. Ukiingia hiki naingia kile, ukiingia kile naingia hiki, yani nimeshaunganisha kabla sijaunganisha. Mtu akiliona hilo daraja mara ya kwanza uso wake unabadilika kabisa, mimi huwa nakaa nausubiri ule uso. Na sare haipo, maana ili unizibie kabisa lazima ukuta wako wenyewe ufike upande wa pili, kwa hiyo ukizuia ndo umeshambulia.

Najua kuna mtu anataka kusema anayeanza ana faida. Ni kweli, Nash alithibitisha kabisa kwamba anayeanza asipokosea anashinda. Dawa ipo: mimi naweka kete ya kwanza, wewe unaamua uichukue iwe yako au uniachie, kama mkate, mmoja anakata mwingine anachagua. Sa naiweka wapi? Nikiweka katikati utaibeba, nikiweka kwenye kona iliyochongoka utaniachia. Gemu haijaanza na kichwa kinauma, tena kinauma vizuri!

Mwingine atasema kompyuta zimemaliza kila kitu, drafti ya 8 kwa 8 ilipatiwa jibu 2007, wote wasipokosea ni sare. Jamani, hilo jibu unalo kichwani? Aliyekaa mbele yako analo? Si mcheze!

Catan, ile gemu ya 1995 ya kujenga makazi kisiwani, nilitaka niiongelee sana ila muda umekwisha, niseme moja tu, dadu akirusha mwenzako hata wewe unaweza kuvuna malighafi, na hakuna anayetolewa katikati akakae pembeni kuangalia wenzake.

Bodi ziko meza ya nyuma. Mkianza na Hex, wa kwanza tafadhali usiweke katikati.