Panya Akitulia, Usiamini Namba: Dawa za Kusisimua, Dopamini na Mwendo
(Mhadhara uliotolewa Tanga)

Mabibi na mabwana, hapa Tanga dawa ya kusisimua haihitaji utangulizi mrefu. Mtafuna mirungi usingizi humtoroka na maneno hayamwishi. Kiini chake ni kathinoni, ndugu wa amfetamini. Leo tuitazame amfetamini yenyewe, pamoja na kokeini, kwenye kizimba cha panya.

Seli za dopamini, kemikali inayobeba ujumbe kati ya seli za ubongo, zimo ubongo wa kati, na nyuzi zake hufika mbele kwenye striatamu, panaporatibiwa mwendo. Dopamini ikishafikisha ujumbe, hurudishwa ndani ya seli kwa mlango maalumu. Kokeini huuziba mlango huo, dopamini ikabaki nje ikizidi kuchochea mwendo. Amfetamini ni mjanja zaidi: huingia nao, hukung'uta dopamini kutoka vifuko vinavyoihifadhi ndani ya seli, kisha huugeuza mlango uimwage nje. Mwaka 1996 mtafiti Bruno Giros na wenzake walionyesha kwamba panya wasio na mlango huo hukimbia ovyo hata bila dawa, na kokeini haiwaongezei kitu.

Sasa kizimbani, ambamo miale ya mwanga huhesabu mwendo wa panya kila anapoikatiza. Mwache panya azoee kwa saa moja, la sivyo utahesabu udadisi wake ukidhani ni dawa. Mdunge kwanza maji ya chumvi, maana sindano peke yake humshtua. Kisha amfetamini tumboni, miligramu 1 kwa kilo: panya wa gramu 300 anapata 0.3. Soma chupa vizuri! Ikiwa ni salfeti, yaani amfetamini iliyofanywa chumvi, zaidi kidogo ya robo ya uzito ule si amfetamini. Kokeini ni miligramu 10 hadi 15 kwa kilo, nayo ni waja leo waondoka leo: saa moja tu, nguvu zimekwisha.

Panapowaponza wengi ni dozi ikipanda. Kwenye miligramu 5 za amfetamini, hesabu ya miale hushuka, na mwanafunzi anaandika: "Dawa imemtuliza." Wapi! Panya yuko kona moja ananusa, anatikisa kichwa, anaguguna nyavu bila kukoma. Miale huhesabu mwili unaopita, kichwa haikioni. Basi kila dakika 10 mtu amtazame kwa macho, sekunde 30, aandike anachokiona, naye asijue panya yupi kadungwa nini.

Tena panya wa jana si mgeni leo. Dozi ileile ikirudiwa siku kadhaa humchangamsha zaidi, na badiliko hilo hukaa wiki nyingi. Kila dozi ipewe panya wake.